Nani Aliyeivua Nyota Joho?

Mwaka 1947 Milton Humason na Fritz Zwicky walichapisha orodha ya nyota hafifu za buluu walizozikuta mahali zisipotarajiwa: mbali na ukanda wa Njia Nyeupe, kuelekea ncha ya kaskazini ya galaksi yetu. Nyota ya buluu ni nyota ya joto kali, na mara nyingi joto kali ni dalili ya ujana, kwa kuwa nyota kubwa za buluu huteketeza akiba yao upesi na kufa baada ya miaka milioni chache. Lakini katika pande zile za anga hakuna mawingu ya gesi yanayozaa nyota changa. Wakazi wake ni wazee. Buluu ile ilitoka wapi?

Baadhi ya nyota za namna hiyo zilikuja kutambuliwa kuwa vibete vyeupe, yaani masalia ya nyota zilizokwisha kumaliza nishati. Nyingine nyingi ni kundi la pekee: vibete hafifu vya moto. Kibete hafifu cha kawaida kina karibu nusu ya tungamo la Jua, 47% hivi, lakini nusu kipenyo chake ni kati ya 10% na 30% tu ya kile cha Jua. Joto la uso wake ni nyuzi Kelvin 20,000 hadi 40,000 katika aina ya B, na katika aina ya O hupanda juu zaidi, ilhali uso wa Jua haufiki 6,000. Ndani kabisa kinaunganisha heliamu kuwa kaboni na oksijeni, kazi ambayo nyota ya kawaida huifanya ikiwa bado imefunikwa na tabaka nene la haidrojeni. Hapa tabaka hilo halipo. Kilichobaki ni utando mwembamba, mara nyingi chini ya 1% ya tungamo la Jua, usiotosha hata kuendeleza moto wake wenyewe.

Vibete hivi si viroja vichache vya kukusanywa na wapenda maajabu. Katika miaka ya 1980 sensa ya Palomar-Green ilionyesha kwamba miongoni mwa nyota za buluu zinazong'aa kiasi, nje ya ukanda wa Njia Nyeupe, vimejaa tele. Pia husaidia kueleza fumbo lililoanza na satelaiti ya OAO-2 mwishoni mwa miaka ya 1960, ilipoona mwanga mwingi wa urujuanimno ukitoka katika kiini cha galaksi ya Andromeda, mahali penye nyota kuukuu. Mwanga wa namna hiyo ukatazamwa baadaye katika galaksi nyingi za umbo la duaradufu ambazo zimeacha kuzaa nyota, na vibete hafifu ndivyo vinavyotajwa kwanza kila chanzo chake kinapoulizwa.

Tatizo ni jinsi vinavyopatikana. Nyota inayofanana na Jua inapomaliza haidrojeni ya kiini chake, huvimba na kuwa jitu jekundu, ikafikia upana wa zaidi ya mara 150 ya ule wa Jua la leo. Kiini cha heliamu huendelea kukua chini ya joho hilo kubwa la gesi hadi kinapofika tungamo la karibu 0.47 ya Jua, kisha heliamu huwaka. Kibete hafifu kina kiini cha kiwango hicho hicho, lakini joho limekwenda. Ili jambo hilo litokee, nyota inapaswa kupoteza karibu haidrojeni yake yote katika kipindi kifupi, wakati ule ule ambapo kiini kinakaribia kuwaka. Ikivuliwa mapema mno, heliamu haitawaka, na nyota itapoa kuwa kibete cheupe chepesi. Ikichelewa, itaendelea na maisha ya kawaida. Upepo wa nyota peke yake hauna sababu ya kuwa na shabaha kali kiasi hicho.

Kwa hiyo macho yaligeukia majirani. Mwaka 2001 Pierre Maxted na wenzake walichunguza vibete hafifu 36 vya aina ya B na kuona kwamba theluthi mbili hivi viko katika jozi zinazozungukana kwa chini ya siku 10. Sensa zilizofuata zilishusha idadi hiyo hadi nusu, nyingine hadi 40% au theluthi moja, kulingana na nyota zilizochaguliwa. Hata theluthi moja ni nyingi sana kwa jozi zilizobanana namna hiyo. Mwaka 2002 na 2003 Zhanwen Han na wenzake walitoa hesabu ambazo bado ndizo msingi wa mjadala. Walitaja njia tatu: jitu jekundu kumwaga gesi taratibu kwa mwenza na kubaki katika mzingo mpana, vibete vyeupe viwili vya heliamu kugongana na kuwa nyota moja, na njia ya tatu, yenye vurugu kuliko zote, ambayo huzaa jozi za karibu.

Katika njia hiyo ya tatu jitu humwaga gesi kwa kasi isiyomezeka. Mwenza hawezi kuipokea yote, nayo huwazingira wote wawili, wakawa ndani ya joho moja la pamoja. Mwenza sasa anazunguka ndani ya gesi kama mwiko ndani ya sufuria ya ugali: kila mzunguko unakutana na ukinzani, na kila ukinzani unampunguzia nguvu. Mzingo hujikunja. Nishati inayopotea katika kujikunja huko huingia katika gesi, ikaipasha joto, ikaisukuma nje, na mambo yakienda sawa joho lote hutupwa angani. Bohdan Paczyński alieleza wazo hili mwaka 1976. Kwa kipimo cha maisha ya nyota tukio zima ni la muda mfupi mno, na ndiyo maana ni nadra sana kulikuta likiendelea.

Hapo ndipo mwenza anapokuwa kiini cha habari. Tukijua tungamo lake, na tukijua mzingo umebaki na upana gani, tunaweza kukadiria nishati iliyotumika kulivua joho. Kila jozi ya karibu yenye kibete hafifu ni jaribio lililokwisha kufanyika, na matokeo yake yako wazi kupimwa. Nadharia ya nyota jozi ina mambo machache yaliyo giza kuliko awamu ya joho la pamoja. Si ajabu kwamba watafiti wametumia zaidi ya miaka 20 wakiuliza, nyota baada ya nyota, mwenza huyu ni nani hasa.

Kumtambua si rahisi. Kibete hafifu kinang'aa mno hata mwenza hupotea kabisa ndani ya mwanga wake. Njia ya kwanza ni kupima mwendo: spektra ya kibete huchukuliwa mara nyingi, na mistari yake inaonekana ikihama kuelekea buluu nyota inapotujia, na kuelekea nyekundu inapotukimbia. Kutokana na hapo hupatikana muda wa mzunguko na kasi, na kutokana na hivyo viwili tungamo la chini kabisa la mwenza. Ni la chini kabisa tu, kwa sababu mlalo wa mzingo haujulikani. Mwenza mzito anayetazamwa karibu kutokea juu na mwenza mwepesi anayetazamwa ubavuni hutoa kasi ile ile.

Njia ya pili hutazama mwanga wenyewe unavyopanda na kushuka. Mwenza akiwa nyota ndogo ya baridi, upande wake unaokabili kibete huchomwa na miale ya urujuanimno na kung'aa. Kila anapotuonyesha upande huo, mwanga wa jozi huongezeka; anapotuonyesha mgongo, hupungua. Mzunguko mmoja, wimbi moja. Athari hii huitwa uakisi, ingawa mwanga hauakisiwi kama kwenye kioo, bali humezwa na kutolewa upya. Mwenza akiwa kibete cheupe, ambacho upana wake ni kama wa Dunia, hana eneo la kutosha la kuangazwa. Badala yake uvutano wake hukivuta kibete hafifu hadi kikawa na umbo la yai, na jozi hung'aa mara mbili katika kila mzunguko, yai linapoonyesha ubavu. Hata ukimya unasema kitu: kama spektra imeonyesha mzunguko wa saa chache na mwanga hautikisiki kabisa, nyota ndogo ya baridi haiwezi kuwa hapo.

Jozi ya mfano ni HW Virginis, katika kundinyota la Mashuke. John Menzies na Fred Marang wa Kituo cha Astronomia cha Afrika Kusini walitangaza mwaka 1986 kwamba nyota zake hupatwa, moja ikiikinga nyingine. Mzunguko mzima huchukua saa 2 na dakika 48. Kibete hafifu kina tungamo la karibu 0.48 ya Jua, na mwenza wake, kibete chekundu, ana 0.14 tu. Kwa upana wote wawili karibu wanalingana, takriban 18% ya Jua. Umbali kati ya vitovu vyao haufiki hata nusu kipenyo cha Jua. Jozi nzima ingeenea ndani ya Jua na nafasi ikabaki, ilhali zamani mmoja wao alikuwa jitu jekundu.

Aina hii sasa imepewa jina la HW Virginis, na kituo cha Sutherland, katika nyanda kame za Karoo, kimechangia sana kuijenga. Mwaka 1997 David Kilkenny na wenzake walitangaza kwamba baadhi ya vibete hafifu hutetemeka kwa mawimbi ya dakika chache. Mwaka mmoja baadaye wakatoa habari za NY Virginis, inayotetemeka na kupatwa kwa pamoja katika mzunguko wa saa 2.4. Mchanganyiko huo ni bahati kubwa, kwa sababu mitetemo hupima ndani ya nyota na kupatwa hupima nje yake, hivyo tungamo lililopatikana kwa njia moja linaweza kuhakikiwa kwa nyingine.

Upande wa mwenza uliochomwa una mambo yake. Katika AA Doradus, iliyotangazwa mwaka 1978 na ambayo kibete chake ni cha aina ya O, mzunguko ni wa saa 6.3 na mwenza ana tungamo la karibu 0.08 ya Jua. Mwaka 2016 Maja Vučković na wenzake walionyesha, kwa spektra za darubini kubwa ya Ulaya iliyoko Chile, mistari inayotoka kwenye upande wa mchana wa mwenza huyo. Joto la upande huo linapita nyuzi 20,000. Peke yake angekuwa na joto la nyuzi elfu mbili na ushei. Ana kiasi kinachogusa mpaka kati ya nyota halisi na kibete cha kahawia, kwa hiyo kumpanga upande mmoja au mwingine kumekuwa na ubishi wa muda mrefu.

Vibete vya kahawia ni vitu vilivyozaliwa na tungamo dogo mno kuweza kuwasha haidrojeni, chini ya 0.075 hivi ya Jua. Je, kitu chepesi kiasi hicho kinaweza kulivua jitu jekundu joho lake na chenyewe kisiyeyuke? Mwaka 1998 Noam Soker alipendekeza kwamba vibete vya kahawia, na hata sayari kubwa, vinaweza kuwa na mkono katika kuzaa vibete hafifu. Uthibitisho ulipatikana mwaka 2011, Stephan Geier na wenzake walipopima jozi ya SDSS J0820+0008: mzunguko wa saa 2.3, na mwenza mwenye tungamo kati ya 0.045 na 0.068 ya Jua. Kazi za Veronika Schaffenroth zikaongeza nyingine: SDSS J1622+4730 mwaka 2014, yenye mzunguko wa saa 1.7, kisha V2008-1753 mwaka 2015, inayozunguka kwa chini ya saa 1.6 huku kibete chake kikitetemeka. Mwenza katika hii ya mwisho ana takriban mara 69 ya tungamo la sayari ya Mshtarii.

Chini ya hapo ushahidi unakuwa mwembamba. Mwaka 2007 Roberto Silvotti na wenzake walitangaza katika jarida la Nature sayari kubwa inayozunguka V391 Pegasi kwa miaka 3.2, takwimu ndefu zaidi zilizochapishwa mwaka 2018 zikaitia shaka. Mwaka 2011 Stéphane Charpinet na wenzake waliandika, pia katika Nature, kuhusu vitu viwili vidogo kuliko Dunia vinavyozunguka KIC 05807616 kwa saa 5.8 na saa 8.2. Uchambuzi uliofuata wa takwimu za chombo cha Kepler uliona kwamba dalili hizo hazitulii kama mizingo ya sayari inavyopaswa kutulia. HW Virginis yenyewe imepitia hayo: nyakati zake za kupatwa huwahi na kuchelewa, na mwaka 2009 maelezo yaliyotolewa yalikuwa ni vitu viwili vya nje vinavyoivuta. Jonathan Horner na wenzake walipoiga mfumo huo kwa kompyuta mwaka 2012, wakaona usingedumu. Mabadiliko ya sumaku ndani ya kibete chekundu nayo yanaweza kuyumbisha nyakati. Hadi leo hakuna sayari ya kibete hafifu inayokubaliwa bila ubishi.

Kundi la pili kubwa la wenza ni vibete vyeupe, na historia yao ina sura moja zaidi. Mwenza huyu alikuwa nyota nzito zaidi, akatangulia kuzeeka na kuvuliwa tabaka zake. Kisha zamu ikafika kwa jirani. Mfumo umepita katika msukosuko mara mbili, na mara ya pili ukabana zaidi. Jozi hizo huendelea kukaribiana hata baada ya joho kwisha, kwa kuwa mzunguko wa kasi hutoa mawimbi ya uvutano yanayobeba nishati. Kadiri zinavyokaribiana, ndivyo zinavyopoteza zaidi.

Mwaka 2000 KPD 1930+2752 iliamsha hamu ya wengi. Mzunguko wake ni wa saa 2.3, na tungamo la jumla lilikadiriwa kuwa karibu na kikomo cha Chandrasekhar, mara 1.4 ya Jua, ambacho kibete cheupe hakiwezi kukipita na kubaki salama. Ilikadiriwa kwamba wawili hao wataungana ndani ya miaka milioni 200, na hapo supanova ya aina ya Ia ingewezekana. Supanova hizo ndizo zilizotumiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kugundua kwamba upanukaji wa ulimwengu unaongezeka kasi, lakini nyota zinazozizaa hazijatambuliwa kwa uhakika. Mgombea mwenye nguvu zaidi alitangazwa mwaka 2021 na Ingrid Pelisoli na wenzake: HD 265435, iliyo umbali wa miaka ya nuru 1,500 hivi, yenye kibete hafifu cha tungamo 0.63 na kibete cheupe cha 1.01. Jumla ni takriban 1.65, juu ya kikomo, na mzunguko ni wa dakika 99. Takwimu za satelaiti ya TESS zilionyesha mwanga ukipanda na kushuka kwa sababu kibete hafifu kimevutwa umbo. Muungano unakadiriwa kutokea baada ya miaka milioni 70.

Si lazima kikomo kivukwe ili mlipuko utokee. CD-30 11223, katika kundinyota la Kantarusi, huzunguka kwa dakika 70.5 tu. Kibete hafifu chake kina tungamo la 0.51 na kibete cheupe 0.76, jumla haifiki kikomo. Lakini Geier na wenzake walikokotoa mwaka 2013 kwamba baada ya miaka milioni 42 hivi kibete hafifu kitaanza kumwaga heliamu juu ya mwenza. Tabaka la heliamu likilundikana vya kutosha linaweza kulipuka, na mshindo wake ukawasha kaboni iliyo ndani. Katika hali hiyo kibete hafifu kingeachwa bila mwenza, kikaruka angani kwa kasi kiliyokuwa nayo katika mzingo. Huenda nyota ya namna hiyo tunayo tayari. US 708, kibete hafifu cha aina ya O, inakimbia kwa takriban kilomita 1,200 kwa sekunde, kasi inayotosha kuihama galaksi, na mwaka 2015 kundi la Geier lilieleza katika jarida la Science kwamba chanzo chake kinachofaa zaidi ni mlipuko wa mwenza kama huyo.

Vipindi vinavyojulikana vinazidi kufupika. Mwaka 2020 Thomas Kupfer na wenzake walieleza ZTF J2130+4420, yenye mzunguko wa dakika 39.3, ambamo kibete hafifu tayari kimeanza kumwaga gesi juu ya kibete cheupe; ilikuwa jozi ya kwanza kuonekana katika hali hiyo. Mwaka 2024 darubini za TMTS za Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, zikaleta TMTS J0526: dakika 20.5. Kibete hafifu chake kina theluthi moja ya tungamo la Jua, na nusu kipenyo chake ni kama mara saba tu ya kile cha Dunia. Ni miongoni mwa nyota ndogo kabisa zinazojulikana kuunguza heliamu.

Je, wapo wenza wazito zaidi, nyota za nyutroni au mashimo meusi? Nadharia inasema wanapaswa kuwapo, kwa uchache. Mwaka 2010 kundi la Geier lilitaja jozi kadhaa ambazo wenza wake walionekana kuwa wazito mno, na mwaka 2011 darubini ya redio ya Green Bank nchini Marekani ikasikiliza nne kati ya zile zenye dalili hizo. Haikusikia pulsa, yaani nyota ya nyutroni inayotoa mapigo ya redio. Mfano unaobishaniwa zaidi ni HD 49798. Kibete chake cha aina ya O ni kizito isivyo kawaida, mara 1.5 ya Jua, na kinazungukana na mwenza kwa siku 1.55. Mwenza huyo hutoa eksirei zinazopiga kila baada ya sekunde 13.2. Sandro Mereghetti na wenzake walimpima mwaka 2009 kwa chombo cha XMM-Newton wakapata tungamo la 1.28. Kiasi hicho kinamfaa kibete cheupe kizito na nyota ya nyutroni pia. Mzunguko wake binafsi unaongezeka kasi polepole, bila kuyumba, na pande zote mbili zimejaribu kuutumia kama ushahidi: wengine kwamba ni kibete cheupe kichanga kinachoendelea kusinyaa, wengine kwamba ni nyota ya nyutroni.

Wapo pia wenza wa mbali, nyota zinazofanana na Jua au zilizozidi joto lake kidogo. Mizingo yao, iliyoanza kupimwa vizuri karibu na mwaka 2012, huchukua siku 500 hadi 1,400 hivi, ishara ya ile njia ya kwanza ya Han: joho lilimwagwa taratibu. Mwaka 2020 Pelisoli na wenzake walikwenda hatua moja mbele. Walitafuta wenza wa mbali sana wa vibete hafifu vilivyothibitishwa, wakauliza kama wapo kwa idadi ambayo ingetarajiwa iwapo nyota pekee inaweza kujivua joho yenyewe. Walikuwa wachache mno. Hitimisho lao lilikuwa kwamba mwingiliano na mwenza unahitajika daima. Kibete hafifu kinachoonekana mpweke leo huenda kilimmeza mwenzake.

Mkusanyiko mkubwa ndio uliofanya picha nzima ionekane. Mwaka 2019 mradi wa EREBOS ulipekua takwimu za sensa za OGLE na ATLAS ukapata jozi 161 mpya za aina ya HW Virginis, mara kadhaa zaidi ya zote zilizojulikana kabla. Mwaka 2022 Schaffenroth na wenzake walitumia mwanga uliorekodiwa na TESS na K2, awamu ya pili ya Kepler, pamoja na umbali uliopimwa na satelaiti ya Gaia, wakaweza kuwatambua wenza katika jozi 122, yaani robo tatu ya zilizojulikana, na nyingine mpya 82 zenye athari ya uakisi. Jozi zenye vibete vyekundu au vya kahawia zilikaa katika vipindi vya saa 1.5 hadi 35. Zile zenye vibete vyeupe zilitawanyika kutoka saa 1 hadi siku 30. Tungamo za vibete hafifu vyenyewe nazo zilitofautiana kati ya makundi hayo mawili, jambo linaloonyesha kwamba hayakutokana na nyota za aina moja.

Hata vibete vyeupe havikuwa kundi moja. Baadhi walionekana kuwa na tungamo la chini kabisa la karibu 0.4 ya Jua. Wengine, wenye vipindi virefu, walifika 0.6, na katika vipindi vifupi kuliko vyote walikuwapo wa karibu 0.8. Kundi hili la mwisho ndilo lenye wagombea wa supanova. Kwa wanaoiga joho la pamoja kwa kompyuta, mgawanyo huo ni mtihani mgumu kuliko nyota moja moja: mfano wao unapaswa kutoa ufinyu wa saa 1.5 hadi 35 kwa wenza wepesi na mtawanyiko wa hadi siku 30 kwa vibete vyeupe, tena kwa kanuni ile ile ya nishati.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hazijalitatua. Nyota mbili zilizo karibu namna hii zinapaswa kufungamana, kila moja ikijizungusha mara moja kwa kila mzunguko wa jozi, kama Mwezi unavyofanya kwa Dunia. Mitetemo iliyorekodiwa na Kepler inasema vingine. Katika kishada cha nyota cha NGC 6791 kuna kibete hafifu kinachozungukana na mwenza wake kwa saa 9.6, lakini chenyewe hujizungusha kwa karibu siku 9.6. Jozi nyingine mbili zinazofanana nayo nazo zilionyesha mzunguko binafsi wa siku kadhaa. Kwa hiyo uvutano wa mwenza hukifunga kibete polepole kuliko ilivyodhaniwa, na dhana ya kufungamana, ambayo baadhi ya wapimaji waliitumia zamani kukadiria tungamo, haiwezi tena kuchukuliwa hivi hivi.

Kazi iliyobaki ni kubwa kuliko iliyofanyika. Orodha ya mwaka 2022 iliyotokana na Gaia ina wagombea 61,585, ilhali vibete hafifu vilivyokwisha kujulikana vilikuwa 6,616. Kituo cha Vera Rubin nchini Chile, kilichotoa picha zake za kwanza Juni 2025, kitapiga picha za anga la kusini tena na tena kwa miaka 10. LISA, chombo cha mawimbi ya uvutano ambacho shirika la anga la Ulaya liliidhinisha Januari 2024 na kupanga kukirusha mwaka 2035, kinatarajiwa kuzisikia jozi kama CD-30 11223 moja kwa moja na kutoa kipimo cha tungamo kisichotegemea mwanga. Lakini swali linaloweza kujibiwa mapema zaidi liko upande wa wepesi. Wenza wepesi waliopimwa vizuri hadi sasa wanaishia karibu na mara 45 hadi 70 ya Mshtarii. Ikiwa maelfu ya jozi zitapimwa na kiwango cha chini kikabaki hapo, hicho kitakuwa kipimo cha mwenza mdogo kabisa anayeweza kuliondoa joho la jitu jekundu na kubaki mzima. Akipatikana mmoja mwenye tungamo la Mshtarii 10 tu katika mzingo wa saa chache, nishati ya mzingo haitatosha kueleza jinsi alivyobaki, na wananadharia watalazimika kutafuta chanzo kingine cha nguvu ndani ya joho lenyewe.